Jeshi likitua Luano, nani ameambiwa?

*Luteka na misafara ya majeshi ya kigeni hupita katika anga ileile ya ndege za abiria. Kanuni za kimataifa zinataka tangazo la siku 7. Anga ya Katanga imezoea mambo mengine.*

Mwanzoni mwa Februari 2025, ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin Il-76 zilianza kutua katika kiwanja cha Luano, Lubumbashi. Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa waasi wa M23 siku chache tu kabla, na wanajeshi 14 wa Afrika Kusini walikuwa wamepoteza maisha katika mapigano ya huko. Shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Afrika Kusini imesafirisha askari kati ya 700 na 800 hadi Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Goma, pamoja na vifaa vyao.

Sehemu ya ushahidi ilikuwa kumbukumbu za safari za ndege ambazo mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuzifungua. Kijana wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, aliyezoea kuangalia ndege kwenye programu ya simu yake angeweza kuiona Il-76 ikitoka kusini, ikikata anga ya Zambia na kushuka Luano. Habari ilionekana kwenye vioo vya simu kabla haijasikika kwenye kinywa cha msemaji yeyote.

Msafara wa vita si luteka. Luteka hupangwa kwa miezi, mabalozi hualikwa, picha hupigwa, majenerali hupeana mikono. Lakini kwa mtu aliyeketi kwenye mnara wa Luano tofauti hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mbele yake kuna ndege nzito ya serikali nyingine inayoomba nafasi, ndege ya abiria kutoka Addis Ababa iko njiani, na ndege ndogo ya kwenda Kalemie imewasha injini. Maswali yake ni yaleyale katika hali zote mbili: nimeambiwa nini, na nimeambiwa lini?

KARATASI YA BALOZI, KAZI YA MNARA

Msingi wa mambo yote haya ni Mkataba wa Chicago wa 1944. Ibara ya 1 inaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ibara ya 3 inazitenga ndege za serikali, yaani za jeshi, forodha na polisi, na kuzikataza kuruka juu ya nchi nyingine bila ruhusa. Ibara hiyohiyo inazitaka nchi zinapotunga kanuni za ndege zao za kijeshi ziangalie usalama wa ndege za kiraia. Ibara ya 9 inairuhusu nchi kufunga kipande cha anga yake kwa sababu za kijeshi.

Kwa hiyo jeshi la kigeni likialikwa Kongo, ruhusa inatoka Kinshasa. Hapo ndipo penye mtego. Ruhusa ya aina hiyo ni karatasi ya kidiplomasia: inatoka ubalozini, inapita Mambo ya Nje, inafika Ulinzi, inarudi na muhuri. Mwongoza ndege hawezi kufanya kazi kwa muhuri. Anataka mipaka ya eneo, kimo cha chini na cha juu, saa ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya simu ya afisa mwenye uwezo wa kusema "simamisha" na wanaofyatua wakasimama kweli.

Kiambatisho cha 11 cha mkataba huo kinaagiza kwamba shughuli yoyote inayoweza kuhatarisha ndege za kiraia ipangwe pamoja na waongoza ndege, mapema kiasi cha kutosha kuwatangazia marubani. Kiambatisho cha 15 kinataja muda: siku 7 angalau, isipokuwa kwa dharura. Tangazo lenyewe huitwa NOTAM, ujumbe mfupi wa vifupisho ambao rubani anapaswa kuusoma kabla ya kuruka.

Kwetu kuna pingili moja ya ziada. NOTAM huandikwa kwa saa ya UTC, na Kongo ina saa mbili. Saa 09:00 ya UTC ni 10:00 Kinshasa na 11:00 Lubumbashi. Amri ya jeshi iliyoandikwa Kinshasa kwa saa ya Kinshasa, ikatekelezwa Kamina kwa saa ya Kamina, ikatangazwa kwa saa ya UTC, ina nafasi mbili za kukosewa kabla risasi ya kwanza haijatoka.

Wahusika wa kiraia ni wawili. Régie des Voies Aériennes, ambayo kila mtu anaiita RVA, huendesha viwanja na kuongoza ndege. Autorité de l'Aviation Civile, AAC, husimamia kanuni. Jeshi lina mlango wake, na jeshi la mgeni hupitia mlango huo.

> Mwongoza ndege hawezi kufanya kazi kwa muhuri. Anataka mipaka, kimo, saa na namba ya simu.

USIKU WA NDOLA

Lubumbashi ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko miji mingi. Septemba 1961, ilipokuwa bado Élisabethville, makao ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, askari wa Umoja wa Mataifa walianzisha operesheni ya Morthor tarehe 13 ya mwezi huo. Katanga ilikuwa imebakiwa na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister, na hiyo ilitosha kuutia hofu Umoja wa Mataifa mzima, kwa sababu wenyewe hawakuwa na ndege ya kivita ya kuijibu.

Tarehe 17 Septemba Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa DC-6 iliyoitwa Albertina, kwenda kuonana na Tshombe mjini Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kwa kuiogopa Fouga, mpango wa safari uliowasilishwa ulitaja Luluabourg, Kananga ya leo. Rubani alizungukia mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika, kisha akashuka kusini, redio ikiwa kimya kwa saa nyingi. Waongoza ndege wa Salisbury, Harare ya leo, walimsikia karibu saa 22:00 tu usiku huo.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, ikiwa inakaribia kutua, ndege ilianguka msituni, kilomita 15 hivi kutoka kiwanja cha Ndola. Waliokuwamo walikuwa 16. Mmoja, Harold Julien, alipatikana hai na kufariki siku chache baadaye. Mabaki yalifikiwa mchana wa tarehe 18, ingawa yalikuwa karibu kiasi hicho na mnara uliozungumza na rubani. Wakubwa waliokuwa kiwanjani walijipa jibu kwamba mgeni wao amebadili mawazo akaenda kwingine. Safari iliyoandikiwa mji mmoja ikaelekea mwingine ilikuwa rahisi kudhaniwa hivyo.

Siri iliyomkinga Hammarskjöld na Fouga iliwaacha bila cha kushika watu waliokuwa na kazi ya kumtafuta. Ninalitaja tukio hili, ingawa lilikuwa la vita na si la mazoezi, kwa sababu hakuna mfano mwingine katika ukanda wetu unaoonyesha wazi kiasi hicho bei ya anga inayoendeshwa na jeshi upande mmoja na mnara upande mwingine, bila mazungumzo kati yao.

Faili halijafungwa. Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa lililopitia ushahidi mpya mwaka 2015, kisha akapewa kazi ya kuuendeleza uchunguzi. Ripoti yake ya 2017 ilisema yawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali. Tangu hapo amekuwa akizisukuma serikali, zikiwemo za Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zitoe kumbukumbu zao za kijeshi na za kijasusi, hasa za mawasiliano ya redio yaliyonaswa usiku ule. Zaidi ya miaka 60 baadaye, jaji wa kiraia bado anabisha hodi kwenye milango ya majeshi akiuliza nani alisema nini hewani.

Jirani zetu wa Zambia wana lao. Oktoba 19, 1978, ndege za kivita za Rhodesia zilipoishambulia kambi ya wapiganaji wa ZIPRA nje ya Lusaka, kiongozi wa msafara aliuita mnara wa kiwanja cha Lusaka na kuuamuru kuzuia ndege zisiruke hadi amalize. Ndege ya abiria ya Kenya Airways ilisubirishwa. Kwa muda ule anga ya mji mkuu wa nchi huru iliongozwa na mgeni mwenye mabomu, na mwongoza ndege hakuwa na la kufanya ila kuwaeleza marubani wa kiraia hali ilivyo.

KAMINA, KIWANJA CHENYE SURA MBILI

Ukitaka kuona luteka za wageni zilivyoingia Katanga, angalia Kamina. Wabelgiji walianza kuijenga kambi ile kubwa ya anga baada ya Vita Kuu ya Pili, mbali na bahari na mbali na adui yeyote wa wakati ule, na wakafundishia marubani wao. Umoja wa Mataifa uliichukua baada ya uhuru. Mei 1978, wakati askari wa miamvuli wa Ufaransa waliporuka Kolwezi, Wabelgiji walipitia Kamina.

Kisha zikaja zama za Rais Mobutu na Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA. Februari 1987 gazeti la New York Times liliandika kwamba mwaka uliotangulia ndege za kampuni iliyoitwa Santa Lucia Airways zilitua Kamina usiku zikiwa na silaha za Marekani kwa ajili ya UNITA ya Angola. Mwaka huohuo wa 1987 wanajeshi wa Marekani walifanya mazoezi ya pamoja na jeshi la Zaire katika Shaba, jina la Katanga la wakati huo.

Yaweke mambo hayo mawili pamoja. Mkoa mmoja, mgeni mmoja: mchana luteka yenye bendera, usiku ndege zisizotajwa. Luteka ikifanyika mahali pa namna hiyo, tangazo lake lenyewe linapungua uzito. Rubani wa kiraia anayesoma kwamba anga ya Kamina imefungwa kati ya saa fulani na fulani hana sababu ya kuamini kwamba nje ya saa hizo iko wazi.

MZIGO WAMUANGUKIA MDOGO

Watu wakisikia luteka na anga, huwaza ndege kubwa za abiria. Ukweli ni kwamba ndege kubwa ndiyo inayoumia kidogo. Ikiwa kwenye futi 35,000, mizinga inayofyatuliwa chini haiigusi. Inalazimika kujali inaposhuka tu. Ikisubirishwa hewani dakika 20, ndege kama Boeing 737 au Airbus A320 huunguza kama kilo 800 za mafuta. Ni hasara, lakini kampuni ina ofisi ya mipango, ina mtu wa kusoma NOTAM usiku kucha, ina kiwanja mbadala.

Ndege ndogo haina hayo. Katika Katanga, ndege ya injini moja ndiyo basi la watu wa Manono, Moba, Pweto na Kalemie. Hubeba dawa, mishahara, mgonjwa, mtumishi wa misheni, fundi wa mgodi. Hupita chini, kwenye kimo kilekile ambacho helikopta za jeshi hupenda, miamvuli hufunguka na makombora ya mizinga hupanda. Rubani wake mara nyingi anaangalia nje kwa macho na kutaja mahali alipo kwa redio. Hakuna anayemwona kwenye kioo cha rada.

Mzungushe kilomita 100 kukwepa eneo la luteka, na hesabu yake yote inabadilika. Kanuni inamtaka atue akiwa bado na akiba ya mafuta: dakika 30 kwa injini ya tabaini, 45 kwa injini ya pistoni. Mafuta ya ziada ni uzito. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Oktoba, joto linapopanda, ndege hunyanyuka kwa shida. Kwa hiyo mafuta yakiongezeka, kitu kingine kinabaki chini: abiria mmoja, au makasha ya dawa. Hiyo ndiyo gharama ya luteka ambayo haimo katika bajeti ya jeshi lolote.

> Mafuta yakiongezeka, kitu kingine kinabaki chini: abiria mmoja, au makasha ya dawa.

Na siku hizi eneo la hatari halina ukuta. Majeshi ya kisasa hujizoeza kuvuruga mawimbi ya GPS, na mawimbi hayo hayasomi ramani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba uvurugaji wa GPS mashariki mwa Kongo ulikuwa unahatarisha ndege, zikiwemo za misaada. Wataalamu wake wakaelekeza kidole kwenye maeneo yaliyoshikwa na M23 na jeshi la Rwanda. Kigali imekuwa ikikana kuwa sehemu ya vita hiyo. Kwa ndege ndogo inayoruka juu ya msitu wenye mitambo michache ya kuongozea ndege ardhini, GPS ikidanganya ni sawa na rubani kufungwa kitambaa usoni.

HOJA YA JESHI, NA JIBU LAKE

Wanajeshi wana hoja, na si ya kupuuza. Jeshi lisilojizoeza halifai kitu, na Kongo iko vitani. Wageni wanaokuja kufundisha huleta ndege, mbinu na fedha ambazo FARDC, jeshi la Kongo, haina. Tena, wanasema, adui naye anasoma NOTAM. Ukitangaza siku 7 kabla kwamba anga ya mahali fulani itafungwa, umemwambia wapi pa kuangalia.

Hoja hiyo ina nguvu kwa msafara wa vita kama ule wa Februari 2025. Kwa luteka ina nguvu kidogo sana. NOTAM haitaji kikosi, silaha wala lengo la zoezi. Inataja mahali, kimo na saa. Majirani hufanya luteka huku wakialika waandishi wa habari: Wamarekani na Wakenya katika luteka ya Justified Accord, Wachina na Watanzania kule Mapinga mwaka 2024. Kitu kinachopigwa picha za televisheni hakiwezi kuwa siri kwa mtu wa mnara pekee.

Mfano mchungu zaidi wa tangazo lisilotosha uko Ukraine. Siku tatu kabla ya Julai 17, 2014, mamlaka za huko zilifunga anga ya mashariki hadi futi 32,000. Ndege ya Malaysia Airlines, MH17, ilipita kwa futi 33,000, juu kidogo ya mstari, mahali palipoandikwa kuwa salama. Watu 298 waliuawa. Kwetu, Oktoba 10, 1998, Boeing 727 ya Lignes Aériennes Congolaises iliangushwa na waasi karibu na Kindu, na waliokuwamo wakaangamia. Tangu MH17, kanuni zimekazwa ili nchi ipime hatari yenyewe badala ya kungoja jeshi liseme.

KUFUNGA TUNAJUA

Mtu asiseme kwamba Kongo haiwezi kutoa tangazo la anga. Mei 2022, uhusiano na Kigali ulipozorota, safari za RwandAir zilisimamishwa mara moja, na Lubumbashi ilikuwa mojawapo ya miji mitatu iliyozikosa, pamoja na Kinshasa na Goma. Februari 2025 ndege zote zilizosajiliwa Rwanda zilikatazwa kupita juu ya nchi, na RwandAir ikalazimika kubadili njia zake. Anga ikiwa fimbo ya siasa, karatasi hutembea haraka, na dunia nzima husoma.

Mwendo huo ndio unaokosekana kazi inapokuwa ya kawaida: kumwambia mwongoza ndege wa Luano kwamba wiki ijayo kutakuwa na miamvuli kaskazini mwa Kamina. Hakuna waziri anayepigiwa makofi kwa hilo.

Mlipaji yupo. Kwa miaka mingi msafiri anayetoka Luano kwenda nje amekuwa akilipia Go Pass ya dola 50, fedha zinazokusanywa kwa ajili ya kuboresha viwanja na huduma za anga. Makampuni ya nje hulipa ada za kupita juu ya nchi. Ndege za kijeshi za wageni, kwa desturi ya nchi nyingi, husamehewa ada hizo. Mama anayepeleka vitenge Nairobi, kwa maneno mengine, ndiye anayegharamia mnara ambao ndege ya jeshi la mgeni inautumia bure.

Nchi nyingine zimemaliza tatizo hili kwa njia isiyo na ufahari wowote. Ulaya ilianza mwaka 1996 kuitumia anga kwa zamu: eneo halibaki la jeshi milele, linafungwa kwa saa zilizoombwa na kurudishwa zoezi likiisha, hata kabla ya muda. Kiungo chake ni afisa wa jeshi anayeketi chumba kimoja na waongoza ndege wa kiraia, mwenye mamlaka ya kuinua simu. Luteka ikiwa ya mgeni, mgeni naye huleta mtu wake kwenye meza hiyo. Hakuna mtambo wa mamilioni hapo.

Kila nchi huchapisha kitabu rasmi cha taarifa za anga, kiitwacho AIP. Sehemu yake ya ENR 5.2 imetengwa kwa maeneo ya luteka na mafunzo ya kijeshi. Mbunge wa Haut-Katanga au Haut-Lomami anayetaka kuuliza swali la maana mjini Kinshasa anaweza kuanza na ukurasa huo: Kamina imeandikwa vipi, kutoka kimo kipi hadi kipi, na simu ni ya nani? Kisha awageukie mawaziri wa Ulinzi na wa Uchukuzi pamoja, wakiwa wameketi chumba kimoja ikiwezekana. Jeshi la nje likialikwa tena, nani atampigia simu mwongoza ndege wa Luano, siku ngapi kabla, na kwa saa ya wapi?